Mita tatu na nusu: safari ndefu ya kujua treni iko reli ipi

Simu yako ina tabia moja ya kuudhi. Ukiwa ufukweni au shambani inajua ulipo vizuri kabisa. Ukiingia katikati ya jiji, kwenye maghorofa, inaanza kubahatisha: inakuweka upande wa pili wa barabara, mara inakurusha hadi mtaa wa nyuma. Wewe unacheka, unampigia dereva wa teksi unamwambia "niko upande huu wa benki", na maisha yanaendelea.

Sasa weka treni mahali pa hiyo simu. Marekani, reli mbili zinazokwenda sambamba zinaweza kuachana futi 11.5 tu, yaani mita tatu na nusu, ukipima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Kosa la mita nne kwako ni kero. Kwa treni, mita nne maana yake umeitaja reli nyingine, ile ambayo pengine inakuja treni kutoka mbele.

Leo nataka tuongee kuhusu hizo mita tatu na nusu. Ni historia yenye setilaiti, manowari, ndege iliyotunguliwa na minara iliyojengwa kwa ajili ya vita vya nyuklia. Lakini kubwa zaidi ni historia ya watu waliokaa mezani na kalamu wakiuliza: je, usahihi huu una thamani ya shilingi ngapi?

Tuanze kabla ya setilaiti. Reli za mwanzo zilitenganisha treni kwa saa ya ukutani. Treni ya kwanza ikiondoka, mnasubiri dakika kadhaa, mnairuhusu ya pili, mnamwomba Mungu kwamba ya kwanza haijakwama njiani. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh huko Ireland, treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili waliokuwa wakienda matembezi ilishindwa kupanda kilima. Wafanyakazi wakaikata vipande viwili. Mabehewa ya nyuma yakaanza kurudi yenyewe mteremkoni, na huko chini ilikuwa inapanda treni nyingine iliyoruhusiwa kwa hesabu ya dakika. Walikufa watu 80, wengi wao watoto. Mwaka huohuo bunge la Uingereza likapitisha sheria: treni zitenganishwe kwa vipande vya njia, na kipande kimoja kisiwe na treni mbili kwa wakati mmoja.

Zana ya kufanya hivyo bila kutegemea macho ya mtu ilikuwa tayari ipo. Mmarekani William Robinson alipata hataza mwaka 1872 kwa wazo rahisi mno. Unapitisha umeme mdogo kwenye reli zote mbili za njia. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake za chuma zinaziunganisha reli hizo, umeme unakatiza njia na haufiki mwisho, taa ya ishara inageuka nyekundu. Uzuri wake uko hapa: waya ukikatika au betri ikifa, umeme pia haufiki, na taa pia inakuwa nyekundu. Yaani mfumo ukiharibika, unaharibikia upande wa usalama. Kumbuka jambo hili, maana setilaiti hazina tabia hiyo.

Mfumo wa Robinson una mapungufu mawili. Kwanza, unakuambia treni imo ndani ya kipande fulani, haukuambii iko wapi ndani ya kipande hicho. Pili, ujumbe unaishia kwenye taa. Dereva akiwa amechoka, amelala, au ameshika simu, taa nyekundu haina mkono wa kushika breki.

Tarehe 20 Agosti 1969, treni mbili za abiria ziligongana uso kwa uso huko Darien, jimbo la Connecticut. Walikufa watu wanne na kujeruhiwa 43. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ikapendekeza mfumo ambao ungeisimamisha treni wenyewe pale dereva anaposhindwa. Ili kuweza hivyo, kompyuta ndani ya kichwa cha treni lazima ijue mambo matatu: niko wapi, nimeruhusiwa kufika wapi, na ninahitaji umbali gani kusimama. Swali la pili linajibiwa kwa redio. La tatu ni hesabu. La kwanza ndilo lililosumbua.

Na hapa ndipo anga linapoingia. Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik. Wanasayansi wawili wa maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, William Guier na George Weiffenbach, waliisikiliza ikilia redioni, wakaona kwamba mlio wake unabadilika inaposogea na inapotoka, kama honi ya basi linalokupita. Kwa mabadiliko hayo wakakokotoa njia ya setilaiti. Mkubwa wao, Frank McClure, akageuza swali: kama ukiwa ardhini unaweza kujua setilaiti iko wapi, je, ukijua setilaiti iko wapi huwezi kujua wewe uko wapi? Jeshi la majini lilikuwa na manowari zenye makombora zinazohitaji jibu hilo hasa. Ukazaliwa mfumo wa Transit, na setilaiti yake ya kwanza iliyofanikiwa ilirushwa mwaka 1960. Baadaye ikaja GPS, setilaiti yake ya kwanza ikienda juu Februari 1978.

Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, KAL 007, ilipotea njia ikaingia anga la Urusi ya Kisovieti na kutunguliwa. Walikufa watu 269. Rais Reagan akatangaza kwamba GPS ikikamilika itakuwa wazi kwa raia wa dunia nzima bila malipo.

Ni katika miaka hiyohiyo ya 1980 ambapo kampuni ya reli ya Burlington Northern ilijiuliza: kama ndege inaweza, kwa nini si treni? Ikaungana na Rockwell, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya urubani, wakabuni mfumo walioupa jina la ARES. Wakaujaribu kwenye reli za machimbo ya chuma kaskazini mwa Minnesota: kipokezi cha GPS ndani ya kichwa cha treni, kompyuta, redio na ramani ya njia. Setilaiti za GPS zilikuwa bado hazijatimia, lakini jaribio lilionyesha kwamba wazo linafanya kazi.

Halafu? Halafu ikaja hesabu. Kuufunga mfumo kwenye kampuni nzima kungekula mamia ya mamilioni ya dola. Shule ya biashara ya Harvard iligeuza uamuzi huo kuwa zoezi la darasani: wewe ungekuwa bosi ungefanyaje? Mabosi wenyewe walishajibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ARES iliwekwa kando.

Tuwe wa haki. Si pesa tu iliyokuwa tatizo. GPS ya raia wakati ule ilikuwa imeharibiwa makusudi. Jeshi la Marekani liliingiza hitilafu kwenye mawimbi ili adui asifaidi, na raia akapata usahihi wa kama mita 100. Mita 100! Ukiwa kwenye stesheni kubwa, ndani ya mita 100 unaweza kuhesabu reli 20.

Dawa yake ilikuwa ya kiakili kweli. Chukua kipokezi, kifunge mahali ambapo vipimo vyake vinajulikana kwa uhakika. Kila sekunde kinalinganisha pale setilaiti zinapodai kipo na pale kilipo kweli. Tofauti hiyo ndiyo kosa. Sasa itangaze kosa hilo kwa redio, na kila mwenye kipokezi jirani alitoe kwenye hesabu yake. Usahihi unashuka kutoka mita 100 hadi chache tu. Walinzi wa pwani wa Marekani wakajenga vituo hivyo kwa ajili ya meli katika miaka ya 1990. Ona kichekesho: tawi moja la serikali linatia kosa, tawi jingine la serikali hiyohiyo linatumia kodi za wananchi kuliondoa.

Mamlaka ya reli ya Marekani ilitaka huduma hiyo ifike bara, siyo pwani peke yake. Kwa bahati kulikuwa na minara ya jeshi la anga iliyojengwa ili amri ziweze kupita hata baada ya bomu la nyuklia. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, minara haina kazi. Ikabadilishwa, ikaanza kurusha masahihisho ya GPS. Mnara wa kutangaza mwisho wa dunia ukapewa kazi ya kuiambia treni iko reli ipi. Kisha usiku wa tarehe 1 Mei 2000, kwa amri ya Rais Clinton, hitilafu ya makusudi ikazimwa. Kipokezi cha kawaida, bila msaada wowote, kikapata usahihi mara kumi zaidi kwa usiku mmoja.

Utasema basi, kazi imekwisha. Bado. Kipimo walichojiwekea watu wa reli kilikuwa hiki: kwenye reli mbili zilizoachana futi 11.5, mfumo ujue treni iko ipi kwa uhakika wa 0.99999. Yaani ukiuliza mara laki moja, uruhusiwe kukosea mara moja. Na kikwazo kikubwa cha mwisho ni jiji lenyewe.

Nieleze kwa nini. GPS hupima muda. Setilaiti iko kama kilomita 20,200 juu, mawimbi yake yanasafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na kipokezi kinapima yamechukua muda gani kufika. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300. Shambani mawimbi huja moja kwa moja. Jijini yanagonga ukuta wa ghorofa, yanadunda, ndipo yanafika kwako. Yamepita njia ndefu zaidi, na kipokezi kinadhani setilaiti iko mbali zaidi kuliko ilivyo. Mbaya zaidi, kile kituo cha masahihisho hakiwezi kusaidia. Masahihisho yanafanya kazi kwa sababu kosa ni la wote, kituo na treni wanalipata kwa pamoja. Ukuta uliodundisha mawimbi ni wa kwako peke yako. Hakuna kituo kilichouona.

Kuna jambo jingine. Ukiwa katikati ya mtaa wenye maghorofa pande zote, anga unaloliona ni utepe mwembamba unaofuata mtaa. Setilaiti zilizo mbele na nyuma yako unazipata, za kushoto na kulia zimezibwa. Matokeo yake kipokezi kinajua vizuri kiasi umefika wapi kwa urefu wa mtaa, ila kinayumba kuhusu upande. Kwa mtu wa miguu huo ni msiba. Kwa tramu au treni ni nusu ya baraka, maana reli haiondoki mahali pake. Ukiwa na ramani sahihi ya reli, unalivuta lile doa linaloyumba hadi kwenye mstari, na kosa la upande linakufa. Linakufa mpaka pale reli zinapokuwa mbili, au sita, au kumi na mbili, kama kwenye mlango wa stesheni kuu. Hapo ramani haina la kusema, kwa sababu kila reli ni jibu linalowezekana. Yaani swali la "reli ipi" linakuwa gumu zaidi palepale jiji linapoziba anga zaidi. Na ukiingia handakini setilaiti hazipo kabisa.

Wahandisi wakatambua kwamba hawatapata jibu kwa kukodolea macho anga peke yake. Wakaanza kuongeza mashahidi. Shahidi wa kwanza ni gurudumu: lihesabu limezunguka mara ngapi, utajua umekwenda umbali gani. Ila gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza mvua ikinyesha, na huchakaa likapungua kipenyo, hivyo huongopa taratibu. Shahidi wa pili ni vipima mwendo na mzunguko, ndugu wa vile vilivyomo kwenye simu yako, ambavyo huhisi treni inapokata kona. Navyo huteleza kadiri muda unavyopita. Shahidi wa tatu ni pointi, pale reli zinapogawanyika. Ukijua kwa uhakika reli uliyoanzia, na kila pointi uliyopita ilikuwa imeelekezwa wapi, basi unajua reli uliyopo hata kama setilaiti zimenyamaza. Kila mmoja ana udhaifu wake, ila ni nadra wote waongope kwa namna moja kwa wakati mmoja.

Huko juu nako hakukulala. Mfumo wa WAAS wa Marekani ulianza kazi Julai 2003, na EGNOS wa Ulaya ukafunguliwa Oktoba 2009. Hii haisahihishi tu: inakuambia ndani ya sekunde sita kama setilaiti fulani haifai kuaminiwa. Ni hatua kubwa kuelekea ile tabia ya Robinson ya kuharibikia upande wa usalama, ingawa ilibuniwa kwa ajili ya ndege zilizo kwenye anga wazi. Japani, nchi ya maghorofa na milima, ilirusha Michibiki tarehe 11 Septemba 2010, setilaiti yenye njia ya umbo la nane inayokaa kwa saa nyingi karibu na utosi wa nchi hiyo, mahali ambapo ghorofa haliwezi kuiziba. Na mwaka 2011 Paul Groves wa University College London aliandika wazo ninalolipenda kuliko yote: kama una ramani ya maghorofa na urefu wake, basi setilaiti usiyoiona nayo ni ushahidi. "Siioni ile ya mashariki, kwa hiyo niko upande huu wa mtaa, kwenye kivuli cha jengo lile." Adui kageuzwa shahidi.

Lakini turudi kwa wale wa kalamu na meza, kwa sababu historia hii haikuamuliwa maabara.

Tarehe 12 Septemba 2008, alasiri, treni ya abiria ya Metrolink ilikuwa ikitoka katikati ya Los Angeles. Ilipofika Chatsworth ilipita taa nyekundu ikaingia kwenye reli moja iliyokuwa na treni ya mizigo ya Union Pacific ikija. Walikufa watu 25, wakajeruhiwa zaidi ya 100. Uchunguzi wa NTSB ulikuta kwamba dereva alituma ujumbe wa simu sekunde 22 kabla ya kugongana. Taa ilikuwa inafanya kazi. Mfumo wa ardhini ulijua treni iko wapi. Aliyekuwa hajui ni treni yenyewe.

Siku 34 baadaye, tarehe 16 Oktoba 2008, Rais Bush alisaini sheria ya kulazimisha udhibiti wa kompyuta kwenye njia kuu nyingi ifikapo mwisho wa 2015. Mwaka 2010 mamlaka ya reli ilipochapisha kanuni zake, ilikiri yenyewe kwamba gharama zinazidi faida kama mara 20 kwa hesabu ya pesa. Kampuni zikalalamika, na muda ukasogezwa mbele.

Kabla muda haujasogezwa, tarehe 12 Mei 2015 treni ya Amtrak iliingia kwenye kona ya Philadelphia kwa mwendo wa maili 106 kwa saa mahali panaporuhusu 50. Walikufa watu 8. Njia ile ilikuwa katika mpango wa kuwekewa mfumo, ila ulikuwa haujawashwa upande ule. Mfumo wa njia hiyo hautegemei setilaiti. Unatumia vifaa vilivyofungwa katikati ya reli vinavyoiambia treni inapopita, "upo hapa". Kwenye mahandaki na stesheni za chini kama za New York ni chaguo la busara. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 nazo zinatumia mfumo wa Ulaya wenye vifaa vya namna hiyo kwenye mataruma. Vinaaminika sana, ila kila kimoja kinanunuliwa, kinafungwa, kinalindwa dhidi ya wezi wa vyuma. Ndiyo maana Ulaya kwa miaka mingi imekuwa ikifanyia majaribio kifaa cha kufikirika: kompyuta inapoona kwa setilaiti kwamba imefika mahali fulani, inajifanya imepita juu ya kifaa ambacho hakipo.

Desemba 2020 Marekani ilitangaza kwamba kazi imekamilika, zaidi ya maili 57,000 za reli, karibu kilomita 92,000. Kwenye sehemu kubwa ya njia hizo treni hujitambua kwa GPS, gurudumu, ramani na pointi kwa pamoja, kama wale watu wa Minnesota walivyowaza. Mwaka huohuo, mwezi Juni, vituo vya mwisho vya masahihisho vya walinzi wa pwani vilizimwa. Vilikuwa vimemaliza kazi.

Hesabu mwenyewe. Kuanzia Darien hadi kukamilika ni miaka 51. Kuanzia ARES kuwekwa kando hadi Chatsworth ni zaidi ya miaka 15. Katika miaka hiyo sayansi ilikuwa ikisonga mbele: mita 100, mita 10, mita 3. Kilichokuwa kimesimama ni uamuzi. Na hata hesabu ya "gharama mara 20 ya faida" si ya uongo. Ni hesabu halali, yenye safu ya dola na safu ya watu waliogeuzwa kuwa dola. Ila kuna kitu haisemi: safu moja inalipwa na kampuni, safu nyingine inalipwa na abiria aliyepanda treni akitoka kazini siku ya Ijumaa.

Kwa hiyo siku utakaposikia kwamba mfumo fulani wa usalama ni mzuri lakini "kwa sasa gharama haziruhusu", iwe ni reli, daraja au kivuko, usiishie kuuliza utagharimu kiasi gani. Uliza pia: mpaka hapo utakapofungwa, anayelipa ni nani?